Bao la Makosa

Majengo, Dodoma
12 Oktoba 1997

Mwanangu Shamila,

Salaam nyingi kutoka kwa baba yako mdogo, ambaye wiki hii amegombana na mashine, na mashine ikashinda. Sisi wazima. Vumbi nalo ni zima, halijapungua hata kidogo.

Hiyo disketi iliyofungwa kwenye kipande cha kanga, ifungue taratibu. Ndani yake mna bao. Ndiyo, bao! Mashimo yote na kete zote zimo ndani ya kioo, na kompyuta yenyewe ndiyo mpinzani. Nimeliandika kwa kile kitabu cha QBasic, lugha ya kompyuta, ulichokiacha likizo, ukurasa kwa ukurasa, kwa kidole kimoja. Ofisi ilipotupunguza kazini niliinunua mashine hii nichape kadi za harusi na barua za kuomba kazi, na kuchapa nachapa. Lakini kati ya harusi moja na nyingine, moyo wangu uko kwenye bao.

Sababu unaijua. Tangu mwezi wa Juni mkono wa kulia wa baba yako ulipogoma, hajagusa kete. Yeye, ambaye Mzee Mustapha akimwona anakuja barazani alikuwa anakumbuka ghafla kwamba ana mgonjwa wa kwenda kumwona! Tulimwambia acheze kwa kushoto. Akatutazama kama tumemwambia ale pilau kwa kushoto. "Niuingize mkono wa chooni kwenye kete za mwenzangu?" Tukamwambia basi aelekeze, mtu amsambazie. "Halafu mnilishe na uji?" Basi anashinda sebuleni kwangu na redio, na hiyo redio yenyewe haisikilizi. Daktari kule Mvumi alisema asiachwe hivyo. Akili na mkono uliobaki vipewe kazi, la sivyo navyo vitalala.

Sasa mimi nikafikiri: kibonye cha kompyuta si mtu, hakina heshima ya kuvunjiwa. Atabonyeza kwa kushoto, mashine imsambazie. Nataka Idd ijayo akae mbele ya kioo acheze, baraza nzima ikiona. Hajui lolote. Namwambia nachapa kadi.

Jaribu uniambie. Kuna mahali inagoma kidogo.

Baba yako mdogo,
Bushiri


Mlimani, Dar es Salaam
26 Oktoba 1997

Shikamoo Baba Mdogo,

Nimepiga kelele hadi Brightness, ninayekaa naye chumba kimoja, akapanda kitandani akidhani nimeona nyoka. Umeandika bao! Sisi huku tuna walimu na maabara yenye kiyoyozi, na muhula uliopita kazi yetu kubwa ilikuwa kupanga majina kwa alfabeti!

Haya. Nimemaliza kushangilia, sasa nakuja kwako.

"Inagoma kidogo," umesema. Baba Mdogo! Mashine yako inakula kete zake yenyewe. Nyumba yangu, lile shimo kuu, ilijaa kete, nikafumba na kufumbua zikawa chini ya sifuri. Mtu anawezaje kuwa na kete chini ya sifuri? Na jana ilianza kusambaza ikakataa kulala. Ikifika kwenye shimo lenye kete inachota, inaendelea, inazunguka, inachota tena. Nikaenda kula, nikarudi, bado inazunguka. Brightness anasema isomewe dua.

Tena nimesoma ulivyoandika kwa ndani. Kwa nini shimo la mwisho unaliita STARA?

Naomba kitu kimoja, kwa heshima zote. "Imegoma" si taarifa. Kila kosa lisimame peke yake, na useme mambo matatu: ulifanya nini, ulitarajia nini, kilitokea nini. Kisha uonyeshe limefika wapi. Limeripotiwa tu, au limeshaeleweka, au umelirekebisha, au mimi nimelihakiki? Ukiyaweka kichwani yatakukimbia.

Kuhusu Baba: nililia kidogo, halafu nikacheka sana kwa ajili ya uji. Tutaimaliza kabla ya Idd. Lazima.

Mwanao,
Shamila


Majengo, Dodoma
9 Novemba 1997

Mwanangu Shamila,

Shimo la mwisho linaitwa STARA kwa sababu kila kitu ndani ya nyumba hii mwisho wake ni kwake. Nimemsomea swali lako. Amejibu kwamba yeye si shimo, na jana nimekula wali bila mboga.

Nilitii. Niliandika makosa yote kwenye karatasi, kwa yale mambo yako matatu, kwa mwandiko ambao ofisini ulinipatia sifa. Kesho yake karatasi sikuiona. Stara alikuwa amefungia kashata za kuuza. Kwa hiyo makosa yangu yamezunguka Majengo yote na kashata ndani yake, na usishangae mtu wa Nzuguni akikuandikia kukupa suluhisho.

Ndipo nikapata akili. Unalikumbuka lile bao la marehemu babu yako, lililopasuka pembeni? Limekaa juu ya kabati miaka. Nimelishusha, nimeliweka kwenye meza ya sebuleni, na humo ndimo makosa yanamoishi. Kila kosa nimelipa kitu chake. Mashine kula kete zake yenyewe ni kifungo cha shati. Kete chini ya sifuri ni kifuniko cha soda. Kutokulala ni mbegu ya ubuyu, kwa sababu hata uing'ate vipi haivunjiki. Kuna zabibu kavu, kuna kipande cha betri, kuna karanga, na wengineo. Sasa ni umati.

Safu nne za bao ndizo zile hatua zako nne. Iliyo karibu na tumbo langu ni makosa yaliyoripotiwa. Ya pili, yaliyoeleweka. Navuka ng'ambo: yaliyorekebishwa. Ile ya mbali kabisa ni yaliyohakikiwa na Profesa Shamila. Makosa ya jamaa moja nayaweka shimo moja. Asubuhi napita, nasalimia baba yako, natupa jicho, najua nimesimama wapi. Hakuna karatasi, hakuna kashata.

Baba yako aliuliza ni nini kile. Nikamwambia ni hesabu za kadi. Akasema, "Harusi za siku hizi zina mambo."

Bushiri


Mlimani
20 Novemba 1997

Shikamoo Baba Mdogo,

Brightness ameniomba niisome barua yako mara ya pili kwa sauti, na watu wa chumba cha jirani wameingia kusikiliza. Wewe ni maarufu huku.

Mpango wako una kasoro moja: bao halisemi nani amegusa. Lakini endelea, maana naona unafanya kazi kweli. Nimehakiki kifuniko cha soda, kivushe ng'ambo ya mbali, hongera! Kifungo bado kidogo. Ubuyu nimeufikiria sana. Usiache mashine izunguke bila kikomo; iwekee mpaka, ikizidi mpaka huo ilale yenyewe. Wachezaji wa kweli wanaweza kulalamika, lakini heri malalamiko kuliko mapepo.

Nikimaliza mitihani nitapanda basi nije, mvua ikiruhusu. Wanasema huko juu imeanza vibaya.

Mwanao,
Shamila


Majengo, Dodoma
20 Desemba 1997

Mwanangu,

Mvua! Mtu wa Dodoma kulalamikia mvua ni kama kulalamikia mgeni aliyeleta ng'ombe, lakini huyu mgeni amekuja na zizi zima. Reli imekatika, basi linalala njiani. Barua yako ilifika imelowa, nimeianika kwenye kamba pamoja na kanzu. Usijaribu kuja katika hali hii, nakuomba.

Sikiliza sasa. Kifungo kimevuka! Mashine haijili tena! Nilipiga ukelele, baba yako kutoka sebuleni akauliza, "Bwana harusi amepatikana?"

Lakini kuna msiba. Karanga haipo. Nilimwita Stara.

"Stara, kulikuwa na karanga humu."

"Ilikuwa moja, nikaila."

"Umekula kosa, mke wangu."

"Kosa ni kuweka chakula mezani ukamkataza mtu."

Na mimi, mwanangu, sikumbuki karanga ilikuwa kosa gani! Nimekaa mbele ya kioo nimebonyeza kila kitu, mashine inanichekea tu. Wewe unalikumbuka? Niandikie. Kwa vyovyote, kama kosa limeliwa na limeshuka salama, labda tulihesabu limekwisha.

Bushiri


Majengo, Dodoma
11 Januari 1998

Mwanangu Shamila,

Ramadhani karimu. Barua yako haijafika, lakini hii siwezi kuichelewesha. Nampa Castory wa ofisi ya Bunge, anashuka Dar kesho. Naye mngoje umpe majibu.

Makosa yangu yamerudi! Jana niliondoka asubuhi kupeleka kadi Chang'ombe yetu ya hapa Dodoma, bao likiwa limetulia. Nimerudi, kifungo nilichokwisha kukivusha kiko upande wangu. Betri iko upande wangu. Zabibu, ambayo sijaianza, imesogea. Ubuyu uko kwenye kona kabisa kama umetumwa dukani. Nikadhani yamerudi kweli. Leo siku nzima nimelitafuta kosa la kifungo ndani ya programu, silioni, nikasema limejifunza kujificha. Jioni nimefuturu nikiwa nimelirekebisha kosa lisilokuwepo, na sasa kifungo kimeharibika kweli, ikabidi nirudishe programu ilivyokuwa mwanzo.

Nimemhoji Stara. Anaapa hajagusa, na kwamba mchana wa mfungo hata karanga haitazami. Nimemhoji Mzee Mustapha, maana hupita kusalimia. Amesema, "Shehe Bushiri, mimi nikiona bao lenye vifuniko vya soda na zabibu namwombea mwenye nyumba, siligusi." Baba yako nimemuuliza kama aliona mtu akiingia. Amesema hakuna mtu aliyeingia.

Nimekuchorea nyuma ya karatasi hii lilivyokuwa juzi na lilivyo leo. Idd hiyo inakuja na mimi sijui kipi kimetengenezwa na kipi hakijatengenezwa. Mwanangu, nikimkalisha kaka yangu mbele ya watu, mashine ikamfia mkononi, hatakaa tena mbele ya kitu chochote. Namjua.

Bushiri


Mlimani
15 Januari 1998

Shikamoo Baba Mdogo, na Ramadhani karimu,

Kaa chini kwanza. Umekaa?

Nimechukua trei mbili za mayai, tukazikata na kuziunga zipate safu nne za mashimo manane, tukazijaza vifungo na punje za mahindi mimi na Brightness, nikazipanga kama ulivyochora. Mtu aliyelipangua bao lako hakulipangua. Amelicheza! Alikaa upande wako. Alichota makosa matatu ya shimo moja, akayasambaza moja moja, la mwisho likaangukia penye kosa lingine, na ng'ambo yake kulikuwa na kifungo na betri. Akala. Halafu akazisambaza alizokula kuanzia kichwani, shimo la pembeni kabisa, kama sheria inavyotaka, akaendelea mpaka alipolala. Hakuna hata kitu kimoja kilichokosea mahali pake. Makosa yako hayakurudi, Baba Mdogo. Yameliwa kwa haki.

Na ameanzia kichwa cha kushoto, wakati cha kulia kilikuwa na faida kubwa zaidi kwa macho ya haraka. Mimi nimefundishwa bao na mtu mmoja tu duniani anayefanya hivyo. Alikuwa ananiambia, "Anza kushoto, mwenzako atakuwa anakungoja kulia."

Nani mwingine anashinda sebuleni kwako?

Usimuulize. Usimpongeze, usimwite Mzee Mustapha, usimwambie hata Mama Mdogo mpaka Idd. Akijua ameonekana atarudi kwenye redio. Wewe kesho asubuhi ukipita kwenda msalani, simama upande wa pili kidogo, cheza zamu moja, uondoke.

Castory ananigongea mlango, anasema dereva anaondoka.

Shamila


Majengo, Dodoma
1 Februari 1998

Mwanangu Shamila,

Idd Mubarak! Keti, maana leo ni zamu yangu kukukalisha.

Nilifanya ulivyosema. Asubuhi nilipita na kopo la maji, nikasimama, nikachota zabibu na wenzake, nikasambaza, nikaenda zangu msalani nikinyata kama mwizi. Niliporudi baba yako alikuwa ametazama dirishani, redio inatoa habari za bei ya mazao. Adhuhuri bao lilikuwa limejibiwa. Na nilikuwa nimeliwa vibaya!

Tumeenda hivyo Ramadhani yote iliyobaki. Hakuna aliyesema neno. Yeye akilala mchana, nacheza. Mimi nikitoka, anacheza. Siku moja nilirudi kuchukua miwani ghafla, nikaanza kukohoa tangu uani ili apate nafasi ya kurudisha mkono. Mpango wangu wa makosa, bila shaka, umekufa. Ukiniuliza kifungo kimerekebishwa au hakijarekebishwa, najua tu kwamba anacho yeye.

Ikafika Idd. Kanzu, pilau, na baraza yote imejaa sebuleni kwangu kutazama kioo. Nilimkalisha baba yako kwenye kiti chenye mto, nikatoa hotuba. Nilisema kwamba sayansi imefika Majengo. Nilisema na mengine, nisingependa kuyarudia. Baba yako akanyoosha kidole cha kushoto, akachagua shimo, akabonyeza.

Lilikuwa shimo tupu.

Mashine ikalia kama mbuzi aliyekanyagwa, kioo kikawa cheusi. Nikajua hapohapo kwamba ile ndiyo karanga. Nikamtazama Stara. Stara akatazama dari.

Mzee Mustapha akasema taratibu, "Sayansi imefika, lakini haikukaa."

Watu wakacheka, na mimi sikuthubutu kumtazama kaka yangu. Nilikuwa napapasa waya nyuma ya mashine, kwa kuwa mtu akiwa ameinama nyuma ya mashine hakuna anayemwona uso. Ndipo nikasikia sauti yake.

"Bushiri. Achana na hilo. Lete yale makosa yako."

"Yapi, kaka?"

"Kwani unayo machache? Yale ya mezani. Ni zamu yako tangu jana asubuhi."

Shamila, nililileta nimelikumbatia kama mtoto. Nikacheza zamu yangu. Akatazama kidogo, kisha, mbele ya watu wote, akanyoosha mkono wa kushoto.

Mzee Mustapha akajikaza. "Ndugu Abdulrazaki. Kwa kushoto?"

"Mzee Mustapha, hiki ni nini?"

"Kifuniko cha soda."

"Na hiki?"

"Kifungo."

"Ni kete hizo?"

"Si kete."

"Ni nini basi?"

Mzee Mustapha akafikiri, akanitazama kwa huruma. "Ni takataka."

"Na wewe takataka unaziokota kwa mkono gani?"

Mwanangu, nyumba ilipasuka! Stara alikuja mbio kutoka jikoni na mwiko. Hata mimi, ambaye kazi yangu ya miezi yote imeitwa takataka siku ya Idd ndani ya nyumba yangu, nilicheka mpaka nikashika ukuta. Baba yako akasambaza. Ule mkono unatetemeka, anasambaza polepole mno. Kifuniko kilimponyoka kikabingirika chini ya kiti, na watu wote wakaacha kucheka, na hakuna aliyeinama. Aliinama mwenyewe. Akakiokota, akakiweka mahali pake, akanila mashimo mawili.

Kisha Mzee Mustapha akang'oa kifungo cha koti lake la Idd, akakiweka mezani. "Na mimi ninayo yangu. Ondoka hapo, Bushiri, utuachie watu wazima."

Jana wameshinda hapo. Leo nimeamka, kibarazani kuna mfuko wa vifuniko vya soda, mbegu za ubuyu na vishikizo vya nguo vilivyovunjika, na hakuna aliyejitaja. Kete halisi zimebaki kwenye kopo lake juu ya kabati. Baba yako amesema zikae huko. Kwenye hizo mkono wake hauingii.

Amesema pia kwamba alijua tangu mwanzo. "Mtu anachapa kadi za harusi huku anapiga kelele 'kwa nini unakula kete zako mwenyewe!' Mlidhani mkono uligoma pamoja na masikio?"

Barua hii naifunga. Yeye amechukua kalamu, ananifukuza mezani, na amenitaka nimsomee yale mambo yako matatu.

Baba yako mdogo mwenye furaha, na asiye na mpango wa makosa,
Bushiri


Majengo
8 Februari 1998

Mwanangu Shamila,

Nisamehe mwandiko. Nimeianza hii tangu Idd Pili, kila siku mstari. Napeleka taarifa kama inavyotakiwa, maana baba yako mdogo hataipeleka vizuri.

Kosa la karanga. Nilifanya nini: nilibonyeza shimo tupu. Nilitarajia nini: mashine iniambie kwa adabu kwamba ni tupu, nichague lingine. Kilitokea nini: ilikufa. Bushiri amelirekebisha juzi. Nimebonyeza tena, haifi. Wewe hakiki. Tumeweka karanga mpya kwenye bao, na shemeji ameonywa.

Kosa la Bushiri. Nilifanya nini: nilicheza naye. Nilitarajia nini: mchezo. Kilitokea nini: kila siku namla kabla chai haijapoa. Hili nadhani halirekebishiki, lakini liandikwe.

Kosa la tatu. Nilifanya nini: Idd nilikaa nikitazama mlango. Nilitarajia nini: uingie. Kilitokea nini: mvua.

Hili nimelipa kitu chake, kipande chekundu cha kanga, nimeliweka safu ya kwanza, karibu na tumbo langu. Halichezwi. Mzee Mustapha ameambiwa asiliguse. Njia ikikauka, Idd Kubwa uje ulivushe mwenyewe.

Baba yako,
Abdulrazaki
(kwa mkono uleule)